Nyota auzwe au asiuzwe: namna ya kubishana hoki ya barafu barazani bila kumwaga kahawa

Ijumaa tarehe 7 Machi 2025, Ramadhani ndo yaanza anza, tumetoka tarawehe tumekaa barazani kwetu Kibokoni, birika liko kwa makaa, kashata ziko kwa sahani, mara saa tano usiku simu ya mmoja wetu ikalia. Boston, timu ya hoki ya barafu kule Marekani, wamemtoa Brad Marchand. Nahodha! Mtu alokulia pale, kombe la ubingwa amelichukua nao 2011, ana miaka 36, leo apelekwa Florida, na Florida ndo hao hao waliowatoa Boston kwenye mchujo wa kuwania ubingwa 2023 na tena 2024. Na malipo ni nini? Zamu moja ya drafti, yani ya kuchagua chipukizi, raundi ya pili, tena ina masharti. Sheikh mmoja hapo ambaye ni Boston damu akasimama na hasira zake, mguu ukapiga sinia, vikombe viwili vikavunjika na kahawa yote ikaishia kwa kandambili za watu.

Mwenye kahawa alitulipisha vile vikombe. Tangu siku hiyo nikasema lazima tuwe na utaratibu, manake mjadala huu wa kumuuza nyota wakati timu yajengwa upya huja kila mwaka, na kila mwaka twaufanya vibaya vile vile. Huu hapa utaratibu wangu, ukiona una kasoro njoo barazani useme.

Kwanza tujue twabishania nini

Hii si ile hoki ya nyasi ambayo wazee wetu waliicheza Mombasa hii na wanaijua. Hii ni ya barafu, watu wamevaa viatu vya chuma, ligi yenyewe ni NHL, timu 32 za Marekani na Kanada. Hapa Kenya barafu ya kuchezea utaitafuta Nairobi, pale hoteli ya Panari walifungua uwanja wake 2005 na kuna vijana wetu wajiita Ice Lions huchezea hapo, lakini Pwani sisi barafu twaijua kwa ndoo ya samaki tu. Mechi nyingi huanza kwao saa moja jioni, kwetu inakuwa saa tisa za usiku, kwa hivyo ukimwona mtu wa Mombasa mwezi wa Januari ana macho mekundu usimfikirie vibaya.

Jambo la kwanza kujua kabla hujafungua mdomo: huko hakuna bei ya pesa kama mpira wa Ulaya. Sisi twasema kuuza kwa uvivu wa ulimi, ukweli ni kubadilishana kitu kwa kitu, mimi nakupa nyota wangu wewe nipe vijana wako na zamu zako za drafti. Drafti ni lile zoezi la kila mwaka, raundi saba, timu zachagua vijana wa miaka 18 na kidogo juu yake, mmoja mmoja kwa zamu, na walofanya vibaya ndo huwekwa mbele ya foleni. Halafu kuna kepu, kiwango cha mishahara ambacho timu hairuhusiwi kukipita, ilianza msimu wa 2005-06 ikiwa dola milioni 39 na msimu wa 2025-26 ikafika milioni 95.5. Kwa hivyo tajiri hata awe na visima vya mafuta hawezi kurundika nyota kumi akawaweka milele. Timu huzeeka pamoja, mishahara yapanda, miguu yashuka, na siku moja inabidi ibomolewe, kama zile nyumba za mawe huku kwetu Mji wa Kale, wapiga chokaa juu ya chokaa nje yang'aa na ndani boriti zaoza.

Sasa ikibomolewa, swali huwa moja tu. Ile nguzo moja bado nzima, waiacha isimame peke yake uwanjani au waitoa ukauze ujengee vyumba vitatu?

Anza na kalenda, moyo utasubiri

Somo hili mimi nililipia. Kakangu mkubwa alihamia Ottawa miaka mingi, ndo alonitia ugonjwa huu, na kipenzi changu pale Senators, timu ya Ottawa, alikuwa Erik Karlsson, Mswidi, beki, nahodha, namba 65, tuzo ya beki bora wa ligi ameshaibeba 2012 na 2015. Mwaka 2017 walibakisha bao moja waingie fainali, mechi ya saba na Pittsburgh, muda wa nyongeza wa pili, Chris Kunitz akatia, huku kwetu kumeshakucha na mimi sijafumba jicho na kazini natakiwa. Msimu uliofuata timu ikaporomoka mpaka ikamaliza ya pili kutoka mkiani. Mimi kwa mapenzi yangu nikamwambia kaka ninunulie jezi ya Karlsson, akaitia kwa sanduku la mtu anayekuja Mombasa harusini. Tarehe 13 Septemba 2018 Karlsson akapelekwa San Jose. Jezi ikafika wiki mbili baadaye.

Jezi ya hoki kama hujaishika, ni koti lile. Mikono mirefu, kitambaa kizito, pana manake wenyewe huvaa makinga ndani. Niliivaa mara moja, Oktoba, kutoka nyumbani mpaka Marikiti na kurudi, mke wangu akaniuliza kama nimeanguka baharini.

Nilinuna wallahi. Nikasema hawa ni wezi, nyota wa dunia nzima kwa watu sijui ni kina nani, Chris Tierney, Dylan DeMelo, Rudolfs Balcers, chipukizi mmoja aitwa Josh Norris, na hizo zamu za drafti. Sasa tazama kalenda ilivyofanya kazi. San Jose wakaanguka msimu wa 2019-20, zamu yao ya raundi ya kwanza ambayo ilikuwa mikononi mwa Ottawa ikawa ya tatu kwa drafti ya 2020, na Ottawa wakamchukua Tim Stützle, kijana wa Kijerumani. Ottawa walikuja kurudi kwenye mchujo 2025, mara ya kwanza tangu ile 2017. Siku hiyo Stützle ana miaka 23. Karlsson ana 34 na keshokutwa aingia 35.

Ndo hesabu yenyewe hiyo, hakuna nyingine kubwa kuliko hiyo. Uliza timu hii itakuwa tayari mwaka gani, kwa ukweli, sio kwa dua. Halafu uliza nyota atakuwa na miaka mingapi mwaka huo. Ikiwa majibu yako ni miaka sita na ana 28 sasa, basi wewe hubishani kuhusu yeye tena, wabishana kuhusu kumbukumbu zako. Ikiwa ana 21 na timu yahitaji miaka mitatu, anayetaka auzwe aeleze vizuri sana kabla ya kikombe cha pili, sababu huyo ndo wa kujengewa, hata awe na kisirani.

Na usisahau mlango wa nyuma. Mchezaji akifika miaka 27, au akishamaliza misimu saba ligini, mkataba wake ukiisha yuko huru aende atakako na timu yake haipati chochote. Alochukuliwa na 18 akaanza kucheza mara moja, akiwa na 25 keshakuwa na funguo mkononi. Kwa hivyo hiyo kalenda ina mistari miwili, wa umri na wa mkataba, na wa mkataba ndo watu husahau.

Nitaongeza kwa uadilifu tu kwamba San Jose walimpa Karlsson mkataba wa miaka minane kwa dola milioni 11.5 kila mwaka, na baada ya 2019 hawakuonja mchujo tena mpaka alipoondoka 2023, ingawa msimu wake wa mwisho hapo alifikisha pointi 101, yani mabao na pasi za mabao, na tuzo ya tatu akaichukua. Yani yeye hakuisha. Timu ndo haikumfikia.

Msikilize mzee hata kama hajui sheria za barafu

Tuna Ami mmoja barazani, hoki ya nyasi ameicheza ujana wake hapa hapa Mombasa, goti moja limebaki huko. Yeye hii habari ya zamu za drafti ilimshinda kabisa. Nakumbuka kashika kashata mkononi haili, aniuliza, "Mwanangu, mtu ana jahazi zima lasafiri, wewe wampa kokwa ya embe ati apande?" Nikamwambia ndio Ami, ndo biashara yenyewe. Akasema, "Na kokwa isipoota?"

Na ana haki. Zamu ya drafti si mtu, ni tumaini, na nyingi haziwi nyota, hasa ukishatoka zile za mbele kabisa. Kwa hivyo ukisikia mtu asema "twapata raundi ya kwanza mbili" mwulize za timu gani. Zamu kutoka timu bingwa huwa mwisho mwisho wa foleni, zamu kutoka timu iliyo karibu kuanguka ndo dhahabu, kama ile ya San Jose.

Lakini Ami huyo huyo ndo alonifunga mdomo siku nyengine. Kenya ilikuwa ya nne kwenye Kombe la Dunia la hoki kule Barcelona 1971, watu wengi leo hawajui hata kama lilitokea. Tukawa twabishana kama nyota asiuzwe hata aondoke bure, mimi siku hiyo nilikuwa upande wa asiuzwe, Ami akaweka kikombe chini taratibu. "Sisi hatukumuuza mtu," asema. "Wale wenzetu walikwenda mmoja mmoja, huyu Uingereza, yule Kanada. Hatukupata kitu. Hata kijana mmoja wa kuwafuata hatukuandaa." Baraza lote kimya, yule mwenye kahawa akapita akajaza vikombe hakuna aliyemwambia basi.

Hiyo kwenye NHL ina jina lake nalo ni John Tavares, nahodha wa New York Islanders, tarehe 1 Julai 2018 mkataba umeisha akasaini Toronto, Islanders wakabaki na picha. Japo mtu mjanja atakujibu kwamba Islanders msimu uliofuata waliingia mchujo na wakamfagia Pittsburgh mechi nne kwa sifuri, na ni kweli, kwa hivyo hoja hii itumie kama chumvi.

Wewe wa auzwe, ujibu Buffalo

Kuna watu kila nyota akipiga chafya wasema auzwe. Hao nina dawa yao, naitaja timu moja tu, Buffalo. Kuanzia msimu wa 2011-12 mpaka 2024-25 ni misimu 14 mfululizo bila mchujo. Na katika kujenga na kujenga upya wakauza. Ryan O'Reilly wakampeleka St. Louis Julai 2018, mwaka uliofuata St. Louis wakachukua Kombe la Stanley, ndo hilo la ubingwa, na O'Reilly ndo mchezaji bora wa mchujo. Jack Eichel, aliyekuwa nahodha, alikuwa na ugomvi na timu kuhusu upasuaji wa shingo, wakampeleka Vegas Novemba 2021, Vegas wakabeba 2023. Sam Reinhart wakampeleka Florida 2021, Florida wakabeba 2024 na bao la ushindi la mechi ya saba amefunga nani? Reinhart.

Watatu hao. Kila mmoja akiondoka tu, analipata.

Sasa usikimbilie kusema basi kuuza ni kosa. Wakati wa O'Reilly walimpata Tage Thompson, akaja kufunga mabao 47 msimu wa 2022-23. Wakati wa Eichel walimpata Alex Tuch, na yule ni mchezaji wa maana. Vitu walivipata. Mimi ninavyoona ugonjwa wao ulikuwa kwamba kila wakikaribia kumaliza ukuta waliubomoa tena, na wale vijana wapya hawakukuta wakubwa chumbani wa kuwaonyesha. Hii ndo sehemu watu wa hesabu huidharau. Kijana wa miaka 19 apoteza mechi hamsini kwa msimu, hakuna mkubwa wa kumwambia hivi ndivyo watu wajiandaa, hivi ndivyo watu wala, hivi ndivyo watu wapigania paki, kile kisahani cha kuchezea, kwenye kona, mwisho kupoteza kwamzoea. Kwa hivyo ukisema auzwe, sema na nani atabaki. Kama jibu lako ni "hakuna, tupoteze tu tupate zamu ya kwanza," jua kwamba zamu ya kwanza yenyewe huenda kwa bahati nasibu, timu ya mwisho kabisa ina asilimia 18.5 ya kushinda ile droo ya kwanza na yaweza kushushwa mpaka ya tatu. Waweza kula uchafu msimu mzima na zamu ya kwanza ikakuponyoka.

Bei, na saa ya kuuza

Hapa ndo penye uhondo na hapa ndo barazani twapiga kelele zaidi, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Nenda soko la samaki asubuhi, mwulize bei ya changu. Rudi jioni jua lazama na barafu yayeyuka. Samaki ni yule yule, mvuvi ni yule yule, bei si ile. Mwenye samaki akishaonyesha kwamba lazima auze leo, kwisha.

Mfano wa jioni ni Montreal. Tarehe 2 Desemba 1995, nyumbani kwao, wafungwa na Detroit 11 kwa 1. Kocha akamwacha kipa Patrick Roy golini mpaka bao la tisa, kipa aliyewapa kombe 1993, umati wamzomea. Alipotolewa akampita kocha akaenda moja kwa moja kwa rais wa timu aliyekuwa amekaa nyuma ya benchi, akamwambia hiyo ndo mechi yake ya mwisho Montreal. Siku nne tu baadaye keshapelekwa Colorado, pamoja na nahodha Mike Keane juu yake, na Juni 1996 Colorado mabingwa. Montreal walipata kipa kijana Jocelyn Thibault na mafowadi wawili, na tangu lile la 1993 hawajaliona kombe. Siku nne, ndugu yangu. Hata pikipiki huiuzi kwa siku nne.

Mfano wa asubuhi ni Colorado hao hao miaka 20 na ushei baadaye. Matt Duchene ataka kuondoka, timu imemaliza msimu wa 2016-17 na pointi 48, ya mwisho ligi nzima, kila mtu acheka meneja Joe Sakic kwamba hamuuzi ataozea mkononi. Sakic kimya. Wiki zapita, miezi yapita. Tarehe 5 Novemba 2017 Duchene yuko uwanjani mechi yachezwa, kipindi cha kwanza hakijaisha akaitwa atoke kwa barafu, kumbe dili limekamilika. Timu tatu ndani yake. Colorado wakapata beki Samuel Girard na vijana wengine na zamu ya raundi ya kwanza, ambayo ilikuja kuwa ya nne kwenye drafti ya 2019, wakamchukua Bowen Byram. Mwaka 2022 mabingwa, na hao wawili wako kikosini.

Na hiyo zamu waliitoa kwa nani? Kwa Senators wangu. Ndo walomnunua Duchene wakidhani wako karibu na kombe, miezi michache baadaye wako mkiani na mwaka uliofuata wamuuza Karlsson. Timu ile ile, ndani ya mwaka mmoja, imekuwa mnunuzi wa jioni na muuzaji wa asubuhi. Kwa hivyo ukinisikia nasema timu fulani ina akili au haina, nikatize.

Halafu kuna yule anayengoja mpaka samaki aanze kunuka. Calgary na Jarome Iginla, Machi 2013. Nahodha, mtu wa watu, kila mwaka wasema mwakani mwakani, mpaka ana miaka 35 na mkataba waisha na kwenye mkataba ana haki ya kukataa kuhamishwa. Hii haki iangalie kabla hujaanza kubisha manake wengi wa hawa wakubwa wanayo, na akiwa nayo yeye ndo dalali. Boston walidhani washampata, Iginla akachagua Pittsburgh. Calgary wakabaki na vijana wawili na zamu ya raundi ya kwanza, na katika hao wote hakuna aliyekuja kuwa nguzo. Barazani ukitaka kujua kama mtu amejiandaa, mwulize swali hili tu: huyo nyota wako ana haki ya kukataa au hana, na angekubali kwenda wapi? Akianza kupapasa simu, endelea na kashata yako.

Na kitu kimoja kidogo ambacho husaidia sana: timu inayouza yaweza kukubali kubeba sehemu ya mshahara wa mchezaji, mwisho nusu, ili mnunuzi mwenye kepu finyu aweze kumudu. Timu inayojengwa huwa na nafasi tele kwenye kepu. Ukibeba nusu, bei ya zamu yapanda. Huu ni ujanja wa dukani kabisa, mteja hana pesa ya usafiri, wampelekea mzigo wamwongezea bei kiasi.

Gretzky mwacheni

Kila mjadala kuna mmoja atataja tarehe 9 Agosti 1988, Edmonton wamtoa Wayne Gretzky kwenda Los Angeles, na ajabu yake pande zote mbili humtumia. Wa asiuzwe: waliuza mkubwa kuliko wote, mpaka mbunge akataka serikali ya Kanada iizuie. Wa auzwe: si walichukua kombe 1990 bila yeye? Sasa nisikilizeni. Ile haikuwa kujenga upya, Edmonton walikuwa mabingwa miezi miwili mitatu tu nyuma, walibaki na Mark Messier na kundi zima la mabingwa, na ndani ya dili kulikuwa na dola milioni 15 taslimu, jambo ambalo siku hizi halipo. Ni kisa kizuri, hakitufundishi chochote hapa. Kwetu atakayemtaja anunua duru moja ya kahawa, na sheria hii imepunguza upuuzi kwa kiasi kikubwa.

Jinsi ya kukaa na mwenye uchungu

Usibishe na mtu usiku ule timu yake imefungwa. Usimwambie "nshakwambia." Mwenye jezi aanze yeye kusema, amalize, hata kama asema ujinga, halafu ndo mlete kalamu. Ndiyo, kalamu, sisi twaandika, juu ya karatasi ya bajia kama hakuna nyengine, ukichagua upande usio na mafuta manake kalamu yateleza: umri wake, mkataba waisha lini, ana haki ya kukataa, timu yetu tayari lini, nani aweza kumtaka na ana nini cha kutoa. Mara nyingi ukifika hapo kwa nani aweza kumtaka watu washapoa wenyewe, kwa sababu waona wanunuzi ni wawili watatu tu na ndoto za kupata nyota kwa nyota zaisha.

Na moyo nao una haki yake, sisemi hauna. Yule sheikh wetu wa Boston tulimtuliza na kisa cha timu yake mwenyewe. Ray Bourque alikaa Boston misimu 21 bila kombe, Machi 2000 wakampeleka Colorado akalitafute, akalipata 2001, na alilileta Boston kuwaonyesha watu, maelfu wakajaa uwanjani mbele ya jengo la jiji kumshangilia mtu aliyeshinda na timu nyengine. Sheikh akasema hiyo ni Bourque, Marchand hakwenda kwa wageni, kaenda kwa maadui. Juni 2025 Marchand akachukua kombe na Florida, na ile zamu ya raundi ya pili, kwa yale masharti yake, ikapanda ikawa ya kwanza. Sheikh hakututumia hata emoji.

Sasa tuna daftari. Kila nyota akienda, kila mtu aandika ubashiri wake na tarehe, halafu lakaa kwa mwenye kahawa chini ya kopo la tangawizi, hakuna kulifungua mpaka kijana atakayechukuliwa kwa ile zamu atimize miaka 22. Ukurasa wa Marchand una mistari saba. Wa Ami ni wa mwisho, kauandika yeye mwenyewe na mkono unatetemeka: "Kokwa haijaota. Nisomeeni hata kama sipo." Chini yake sheikh wa Boston kaongeza kwamba vikombe viwili vyalipwa na yeye na Marchand nusu kwa nusu.